Kubeba, Kutwika na Kutua: Uhakiki wa Kisawe cha “carry” kwa Mifano ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Katika ufundishaji wa Kiingereza nchini Tanzania, na katika orodha za msamiati wanazotumia wanafunzi na waongoza watalii, kitenzi “carry” aghalabu hupewa kisawe kimoja: beba. Makala hii inahakiki mazoea hayo. Inajenga hoja kwamba Kiswahili hakichukulii ubebaji kuwa tendo moja la mtu mmoja. Hulikata katika hatua, na baadhi ya hatua hizo haziwezekani bila mtu wa pili. Mifano imetungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, ambako maelekezo kuhusu mizigo ya wageni mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kutekelezwa kwa Kiswahili.

1. Kipimo kilichoazimwa

Uainishaji wa vitenzi vya Kiingereza uliofanywa na Beth Levin (1993) umetenga sehemu nzima kwa ajili ya vitenzi vya kutuma na kubeba. Humo mna kundi la “send”, kundi la “bring” na “take”, na kundi la “carry” lenye vitenzi kama “drag”, “haul”, “lug”, “tote” na “tow”. Msomaji wa Kiswahili hushangaa kidogo kukuta “kick” na “push” katika kundi hilohilo la “carry”, kwani hakuna anayepiga teke kitu akasemwa kuwa amekibeba. Mshangao huo hupungua anapokumbuka kwamba kigezo cha Levin ni tabia ya kisintaksia. Vitenzi hivi vinakubali kiima kimoja, yambwa moja na kirai kihusishi kinachotaja njia au kikomo. Kwa Kiingereza uainishaji huo una mantiki.

Tatizo huzuka pale mgawanyo huo unapohamishiwa katika kamusi na darasa la Kiswahili kana kwamba ni ramani ya tendo lenyewe. Mwalimu huandika ubaoni “carry” akaweka beba, “take” akaweka chukua, “bring” akaweka leta, “send” akaweka tuma. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba lugha mbili zimegawana kazi ya kuhamisha vitu kwa mipaka ileile. Kwa leta hasara ni ndogo: leta na peleka hutofautishwa na mahali alipo msemaji, kama vile Fillmore alivyoonyesha kuhusu “bring” na “take” katika mihadhara yake ya mwaka 1971. Kwa beba hasara ni kubwa, nayo ina historia.

2. Beba kabla ya kuwa neno la wote

Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870 akitumia Kiswahili cha Unguja, hakumpa msomaji wake kisawe kimoja cha “carry”. Alimgawia vitenzi kwa kufuata mwili. Chukua alikiweka kwa maana ya jumla. Mtoto akiwa mgongoni, kitenzi ni beba. Akiwa nyongani au mgongoni kwa kutanuliwa miguu, ni eleka. Akiwa mapajani au kifuani, ni pakata. Mzigo wa kichwani au begani ulipewa pagaa, na shehena ya chomboni ikapewa pakia. Kuna hata mzigo wa mpikoni, yaani ule unaoning'inizwa katika mti unaowekwa begani. Mtu aliyetaka kuishi Unguja katika zama zile, mji wa mahamali na lango la misafara ya bara, hakuweza kujikimu kwa kitenzi kimoja.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba beba katika orodha hiyo ni kitenzi chembamba. Ni kitenzi cha mama na mtoto, jirani wa eleka na nomino mbeleko. Leo hii, katika stendi ya Moshi, hubebwa magunia, majeneza, majiko ya gesi na mahema. Beba imepanuka hadi kumeza uwanja uliokuwa wa chukua, nayo chukua imesogea kuelekea tendo la kushika na kuondoka na kitu. Anayeambiwa “chukua gunia hilo” leo huenda akauliza kama amepewa bure. Maana ya zamani ya chukua imesalia pale ilipokwisha kugandishwa: mchukuzi, uchukuzi, Wizara ya Uchukuzi, na kauli kama “basi hili huchukua abiria sitini”.

Pagaa ndiyo iliyopatwa na makubwa zaidi. Kama kitenzi cha mzigo, ni wachache wanaoitumia katika mazungumzo ya kila siku. Wengi wanaijua kupitia watoto wake wawili. Mmoja ni mpagazi. Wa pili ni pagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo. Uhusiano wa maneno hayo si wa bahati. Aliyepagawa ni mtu aliyefanywa kuwa bega la kitu kingine. Pepo ndiye anayemkalia. Kamusi inayoyaweka maneno haya mbalimbali bila kuyaonyeshana humnyima msomaji mojawapo ya sitiari za zamani za lugha hii.

Upanuzi wa beba ni mabadiliko ya kawaida ya lugha na haulaumiwi hapa. Kinacholaumiwa ni kuusoma upanuzi huo kama uthibitisho kwamba beba na “carry” ni pacha. Beba ya leo bado inabeba alama ya asili yake: inataka mwili. Gari likisemwa limebeba mchanga, kinachoonekana akilini ni mgongo wa gari. Bomba la maji halibebi maji, hupeleka au husafirisha, ilhali katika Kiingereza bomba, upepo, waya na mto vyote hupewa “carry” pasipo taabu. Kiswahili nacho kina kitenzi ambacho Kiingereza hakikukijengea pahala mahususi, nacho ni somba: kubeba vingi kwa kwenda na kurudi, mchanga, mawe, maji, matofali, hadi viishe. Katika somba marudio ni sehemu ya maana. Anayesomba hakosi kurudi.

3. Watu wawili chini ya mzigo mmoja

Mwanamke anayetoka katika gulio la Mwika au Marangu na mkungu wa ndizi, au anayepanda kutoka tambarare na tita la majani ya ng'ombe kuelekea kihambani, hawezi kuanza safari yake kwa kitenzi beba. Huanza kwa ombi: “Nitwike.” Mtu wa pili huinama, wanashika pamoja, mzigo unapanda juu ya kata kichwani. Ndipo kubeba kunapoanza. Njiani anaweza kukutana na mtoto wa jirani, na adabu inamtaka mtoto huyo ampokee. Akifika, anatua. Sentensi (1) hadi (4) zinafuata tendo hilo kwa mpangilio wake.

(1) Nitwike, mwanangu, nichelewe kidogo tu jua litanikuta.
(2) Amebeba mkungu toka sokoni.
(3) Shikamoo mama, naomba nikupokee.
(4) Tua kwanza unywe maji.

Tafsiri ya Kiingereza ya sentensi hizi nne itahitaji “carry” mara moja tu, katika (2). Zilizobaki zitageuzwa kuwa maelezo: kusaidia kuinua, kuomba kusaidia kubeba, kuweka chini. Neno “kusaidia” hujipenyeza kila mahali katika tafsiri hizo, nalo linapotosha. Anayetwika hasaidii kubeba. Anafanya tendo lake kamili ambalo lina jina. Lugha imempa kitenzi chake kwa sababu bila yeye mzigo mzito haupandi. Na anayelazimika kufanya yote mawili peke yake anahitaji kiambishi cha kujirejea: amejitwika. Si ajabu kwamba jitwika ndiyo iliyoelekea kwenye maana ya kujitia katika wajibu ambao hakuna aliyekupa. Kujitwika mzigo ni upweke wa kisarufi kabla haujawa upweke wa kijamii.

Pokea nayo inadai maelezo, kwa kuwa kamusi nyingi zinaitazama kwa upande wa barua, zawadi na simu. Katika (3) mama hampi mtoto kitu kiwe chake. Kinachopokewa ni uzito, na anayetajwa kama yambwa ni mtu, si mzigo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa pokea ni “receive” ataisoma (3) kama vile mtoto anampokea mgeni uwanja wa ndege. Pokezana, ya kupeana zamu chini ya mzigo mmoja, inatokana na maana hiyohiyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa sarufi hii umo katika kauli mbiu ya serikali kuhusu huduma ya maji vijijini: kumtua mama ndoo kichwani. Ni sentensi ambayo kila Mtanzania anaielewa na ambayo wafasiri huihangaikia. Tua kwa kawaida ina yambwa moja, mzigo. Hapa ina yambwa mbili, mama na ndoo, kisha mahali pa mwili, kichwani. Kiambishi -m- kinamleta mama mbele ya ndoo. Yeye ndiye anayeguswa na tendo, kama vile katika “amemkata mkono”. Mtuaji, yaani serikali, yumo ndani ya kitenzi kama mtu wa pili aliyetajwa hapo juu: anasimama mahali pa jirani aliyepaswa kumpokea mama huyo njiani. Anayefasiri kwa kusema kwamba serikali inapunguza umbali wa kubeba maji amesema kweli ya kitakwimu na kupoteza yote yaliyosemwa. Ukiondoa tua na kuweka beba, kauli mbiu hiyo haipo tena.

Inafaa kutaja hapa utafiti wa Joan Bresnan na Lioba Moshi (1990) kuhusu yambwa katika lugha za Kibantu, ambao data zake za Kichaga zilitokana na Kivunjo, lahaja ya upande wa Marangu. Walionyesha kwamba katika Kichaga yambwa mbili za kitenzi cha kutendea zina hadhi sawa, hivyo yoyote kati yake huweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa. Kiswahili sanifu ni kibahili zaidi. “Mgeni amebebewa begi” ni sentensi njema. “*Begi limebebewa mgeni” haikubaliki. Katika Kiswahili, basi, pindi kubeba kunapofanywa kwa ajili ya mtu, ni mtu huyo anayepanda kwenye nafasi ya kiima. Aliyebeba anaachwa nje kabisa ya sentensi. Suala hili litarudi katika sehemu ya mwisho, maana mlimani wanaobebewa na wanaobeba hutajwa kila siku, na hawatajwi kwa usawa.

4. Mlima unavyogawa vitenzi

Leonard Talmy (1985) alitofautisha lugha zinazoweka njia ndani ya kitenzi na zile zinazoiweka pembeni ya kitenzi. Kiingereza ni cha kundi la pili: “carry” hubaki palepale, kisha huongezewa “up”, “down”, “in”, “out” au “across”. Kiswahili, kwa sehemu kubwa, ni cha kundi la kwanza. Mzigo hupandishwa, hushushwa au huteremshwa, huingizwa, hutolewa, huvushwa. Viambishi vya kutendesha ndivyo vinavyofanya kazi ya vihusishi vya Kiingereza.

Hakuna mahali panapofundisha nadharia hii upesi kuliko mlima wenye mita 5,895. Kutoka lango la Marangu mizigo inapandishwa Mandara, inapandishwa Horombo, inapandishwa Kibo. Kwa njia ya Machame inashushwa hatimaye kupitia Mweka. Mfasiri wa maelekezo ya Kiingereza analazimika kuchagua. Akisema pandisha, ametaja njia na kuficha namna: haijulikani kama ni kwa kichwa, kwa mgongo au kwa gari. Akisema beba, ametaja namna na kupoteza mwinuko. Sentensi (5) na (6) haziwezi kuunganishwa bila kuongeza kitenzi cha pili, na hivyo ndivyo wazungumzaji wanavyofanya katika (7).

(5) Amepandisha mahema.
(6) Amebeba mahema.
(7) Beba hema hili ulipeleke Horombo.

Sentensi (7) ina vitenzi viwili kwa sababu ina wajibu wawili: kuinua na kufikisha. Siku hizi husikika pia “beba hema hili mpaka Horombo”, sentensi yenye umbo la Kiingereza lakini isiyo na kosa la kisarufi. Maana yake, hata hivyo, si ileile. Mpaka huweka kikomo cha jasho. Baada ya Horombo aliyeagizwa yuko huru. Peleka huweka lengo, na hema ambalo halikufika Horombo bado liko mikononi mwake. Anayedhani tofauti hiyo ni ya wanaisimu tu aulize nani atalipa hema lililoachwa njiani.

Kitenzi shusha kina uzito wa aina yake. Mgonjwa wa mwinuko hutibiwa kwanza kwa kuteremshwa, na Kiswahili cha mlimani husema “tumemshusha”, “mgeni ameshushwa usiku”. Njia imetajwa, wakati umetajwa, wanaume waliokuwa chini ya machela hawakutajwa. Kiingereza nacho, kwa “evacuate”, kinawaficha vilevile, kwa hiyo hapa lugha hizi mbili zinakutana katika kosa moja. Mwanakamusi anayetafuta mahali pa kuoanisha lugha angeanzia hapo kwa urahisi zaidi kuliko kwenye beba.

5. Wahakiki na “ujumbe uliobebwa”

Kabla ya kuwanyooshea vidole watunga orodha za msamiati, taaluma ya fasihi ina la kujibu. Ni nadra kufungua tasnifu ya uhakiki bila kukutana na riwaya iliyobeba dhamira, shairi lililobeba ujumbe mzito, mhusika anayebeba maudhui. Ukaribu wake na Kiingereza, ambako kitabu hupewa “carry” ya ujumbe, unazua shaka ya tafsiri sisisi. Shaka hiyo haitoshi kuihukumu. Kiswahili kilikuwa na sitiari ya uzito tangu kale, na neno zito kwa maana ya jambo kubwa halikuazimwa London. Kinachosumbua ni kwamba ujumbe, katika matumizi yaliyozoeleka, ni kitu kinachopelekwa na kufikishwa. Mjumbe aliyebeba ujumbe tu hajafanya kazi yake. Mhakiki anaposema kwamba riwaya imebeba ujumbe, amekwepa swali lililomleta: je, umefika? Kwa nani? Beba inampa mhakiki sentensi ambayo haiwezi kukosewa, kwa kuwa haiahidi kitu.

Inawezekana kabisa kwamba matumizi haya yameshaota mizizi na hayang'oleki. Hata hivyo mwanafunzi wa uzamili anayeandika “riwaya imebeba” mara kumi katika sura moja anastahili kuulizwa ni mara ngapi kati ya hizo alimaanisha ina, inaonyesha, inatetea au inafikisha.

6. Majina ya wenye mabega

Kwa mtu anayebeba mizigo kwa malipo Kiswahili kina majina kadhaa, na kila moja limetoka kazini kwake. Hamali ni wa bandarini na sokoni, kutoka Kiarabu. Mchukuzi alisikika zaidi katika stesheni za reli. Reli yenyewe ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911. Mpagazi ni wa msafara. Wapagazi wamejaa katika maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe, na methali “mzigo mzito mpe Mnyamwezi” ni kumbukumbu ya biashara iliyotegemea mabega ya watu wa bara. Methali hiyo huchukuliwa kama sifa. Kitenzi chake, hata hivyo, ni pa, na anayepewa hakuulizwa.

Kiingereza kimechangia jina moja, nalo halikuwa la mtu bali la kikosi. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliunda kikosi cha wabeba mizigo, “Carrier Corps”, na kikosi hicho ndicho kilichoacha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Moshi yenyewe iliangukia mikononi mwa Waingereza Machi 1916, na kampeni iliyoendelea kusini ilikwenda kwa miguu ya wabebaji hao. Kwa hiyo “carry” imekwisha kuingia katika Kiswahili, si kama kitenzi bali kama mtaa. Wanunuzi wa Kariakoo hawana haja ya kujua kwamba kila wanapotaja jina hilo wanataja mzigo. Keria ya baiskeli na ya basi ni ndugu yake mdogo.

Wapagazi wa Kilimanjaro wamejipa jina jingine: wagumu. Kamusi inaijua -gumu kama kivumishi. Jina hili la kazi linastahili kidahizo chake. Uundaji wake unafunua jambo. Mpagazi, mchukuzi na mbebaji vyote vimetokana na vitenzi vya kuhamisha vitu. Mgumu halina kitenzi cha namna hiyo. Linamtaja mtu kwa kile kinachosalia ndani yake baada ya mzigo kutuliwa. Lugha ilishawahi kupita njia hiyo kwa mguu mwingine: mzizi wa Kiarabu ulioipa Kiswahili hamali ndio ulioipa himili na stahimili. Huko kubeba kuligeuka kuvumilia ndani ya mzizi mmoja. Wagumu wamefanya mageuzi hayo wenyewe, kwa neno la Kibantu. Kulifasiri jina hili kuwa “porter” bila maelezo ni kurudisha nyuma hatua ambayo wazungumzaji wameshaipiga. Kwa upande mwingine, kulisifu bila tahadhari kuna hatari yake, kwa maana anayeitwa mgumu ni rahisi kuongezewa kilo mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

7. Mzigo wako

Kanuni ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa kwenye mizani kabla ya kuanza safari. Mashirika yanayotetea wapagazi, likiwemo lile la Kilimanjaro Porters Assistance Project lenye ofisi Moshi, yamefanya suala hilo la uzito kuwa sehemu ya kazi yao, na shirika hilo limekuwa likiwapa wapagazi masomo ya Kiingereza. Hapo ndipo swali la kisawe linapokoma kuwa la darasani.

Tuchukue maswali matatu yanayoweza kuulizwa mbele ya mizani.

(8) Umebeba kilo ngapi?
(9) Mzigo wako ni kilo ngapi?
(10) Umepewa mzigo wa kilo ngapi?

Swali la (8) linahesabu kila kilicho juu ya mwili: mahema ya kampuni, nguo za mpagazi, blanketi lake na chakula chake. Ndiyo nguvu ya beba kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2. Mwili ndio kipimo chake. Swali la (9) lina utata uliofichwa katika -ako. Mzigo wako ni ule uliokabidhiwa, au ni ule unaoumiliki? Msafiri wa basi akiulizwa (9) atataja sanduku lake. Mpagazi akiulizwa hivyohivyo anaweza kutaja mahema, kwa kuwa ndiyo kazi yake, au kifurushi chake, kwa kuwa ndicho mali yake, na majibu yote mawili ni ya kweli. Swali la (10) linataja tendo ambalo maswali mengine yameliruka: kuna mtu aliyempa. Mtwikaji amerudi katika sentensi.

Maelekezo ya Kiingereza yanayosema kwamba mpagazi asi-“carry” zaidi ya kilo 20 yanapofasiriwa kwa beba, yanageuka kuwa katazo kwa mpagazi mwenyewe. Kiima ni yeye, kitenzi ni chake, na kosa, likitokea, litakuwa lake. Mtu aliyeongeza mtungi wa gesi juu ya furushi hana nafasi katika sentensi hiyo. Kiswahili kina njia nyingine, isiyohitaji istilahi mpya wala kamati ya kuisanifu: “Ni marufuku kumtwika mpagazi zaidi ya kilo 20.” Yambwa ni mpagazi. Kiima, hata kikiwa hakikutajwa, ni yule anayepanga mizigo. Pasipo kuongeza neno moja la kisheria, wajibu umehama.

Huenda ikapingwa kwamba twika ni kitenzi cha kichwani, na kwamba wengi siku hizi hubeba mgongoni au mabegani. Pingamizi hilo ni la haki kwa Kiswahili cha Steere. Kwa Kiswahili cha sasa, jitwika imeshaachana na kichwa kitambo, na watu hutwikwa madeni, lawama na vyeo. Kama twika imeweza kupanda hadi kwenye lawama, haitashindwa kushuka kutoka kichwani hadi begani. Anayeona bado ni nzito atumie bebesha, ambayo ni ya kutendesha kutoka beba yenyewe na inamrudisha mtu wa pili kwa uwazi uleule: “Ni marufuku kumbebesha mpagazi zaidi ya kilo 20.” Kati ya hizo mbili, twika ina kitu ambacho bebesha haina, yaani kutazamana uso kwa uso. Anayetwika huinama na kushika upande wake wa mzigo, na kwa mikono yake mwenyewe anajua unakaribia kilo ngapi.

Kidahizo cha “carry” katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kinaweza, basi, kuanza na beba bila aibu, ilimradi kisiishie hapo. Kinachohitajika ni mistari michache: kwamba chukua hutumika kwa uwezo wa chombo na katika istilahi za uchukuzi, kwamba penye njia huja pandisha, shusha, ingiza, vusha, kwamba penye lengo huja peleka na fikisha, kwamba penye marudio huja somba, na kwamba Kiingereza kinapomtaja mbebaji peke yake, mfasiri atazame kwanza kama hakuna mtu anayetwika, anayepokea au anayetua. Mpangilio huo utachukua nafasi kubwa zaidi katika ukurasa kuliko kisawe kimoja. Steere, akiandikia wageni wasioijua lugha, alikubali gharama hiyo mwaka 1870.